Joto la mara tatu: kutumia hitigani unapobandika stika ya gari zima

Miaka yangu ya mwanzo kwenye kazi hii niliibandika Toyota IST moja nyeupe ikawa kijivu isiyong'aa. Ilitoka hapa Dar imependeza mpaka mwenyewe akanipiga picha nimesimama kando yake. Siku ya kumi na moja akanipigia simu: "Fundi, gari yako inavua nguo." Nikadhani ananitania. Nilipofika nikakuta pembe zote mbili za bampa ya mbele, pale karibu na taa za ukungu, stika imerudi nyuma kama sentimita mbili, weupe unachungulia, na gundi imeshika vumbi lote la barabara. Boneti, milango na paa havikuwa na shida yoyote.

Joto nilikuwa nimelitumia kwelikweli, tena mpaka glavu zikanuka. Ila nililitumia kwa kazi moja tu, kulainisha. Kwenye stika joto lina kazi tatu, na kila moja ina nyuzijoto zake: kulainisha ili ivutike, kuirudisha ilipotoka ukikosea, na kuivisha, yaani kuifanya iive, ili isahau ilikotoka. Hiyo ya tatu ndiyo niliyoiruka. Nikamwachia jua la saa saba mchana, nalo likafanya nusu ya kazi: likaipasha stika kiasi cha kuikumbusha umbo lake la zamani, lisifike joto la kuisahaulisha.

Chapati za maji na chapati za kusukuma

Stika hizi ni plastiki ya PVC, ile vinaili, lakini zinatengenezwa kwa njia mbili. Ya kwanza tunaiita kasti. Plastiki ikiwa majimaji inamwagwa juu ya karatasi maalumu, kisha inakaushwa kwenye tanuru. Hakuna aliyeivuta kiwandani, kwa hiyo haina pa kurudi mpaka wewe mwenyewe uivute. Hiyo ni chapati ya maji. Ya pili ni kalenda (haihusiani na ile ya ukutani): donge la plastiki ya moto linapitishwa katikati ya roli mpaka linakuwa jembamba. Hiyo ni chapati ya kusukuma, na aliyewahi kusukuma donge ambalo halijapumzika anajua linavyojirudi ukiinua mkono.

Gari zima linataka kasti. 3M 2080, Avery Dennison Supreme Wrapping Film na ORACAL 970RA zote ni kasti. Mbili za kwanza, ukihesabu na gundi yake, zina unene wa mikroni 80 hadi 90 hivi, kama unywele. ORACAL 651 ni kalenda. Inafaa sana kwa maandishi ya mlango wa duka au ubavu wa Fuso, lakini ukiipeleka kwenye pembe ya bampa hakuna joto litakalokuokoa. Muuzaji akikwambia "zote ni sawa tu, kaka, tofauti ni bei", mwombe karatasi ya maelezo ya bidhaa. Asipokuwa nayo, kata kipande, kipashe joto, kivute. Kasti inavutika taratibu, pande zote sawasawa. Kalenda inakataa kwanza, halafu ukiiachia inakimbilia ilikotoka.

Zana, na habari ya umeme wetu

Unahitaji hitigani, yaani mashine ya kupuliza hewa ya moto, ya wati 1,500 hadi 2,000, yenye kurekebishika. Draya ya saluni itakusaidia kulainisha kipande kidogo, lakini kuivisha nayo utakesha. Ongeza skwiji (kibao cha plastiki cha kusukumia stika) yenye kitambaa laini ubavuni, glavu za pamba, kisu chenye wembe wa kuvunjavunja, sumaku nne, spiriti ya isopropili, na mtu wa pili mwenye subira.

Chombo ambacho mafundi wengi hawanunui, nami nilichelewa kukinunua, ni kipimajoto cha kuelekeza, kile kinachosoma bila kugusa. Usichukue kile cha paji la uso kilichobaki tangu korona. Vile vimetengenezwa kwa homa na vingi vinaishia kwenye nyuzi 42 au 43. Tafuta cha viwandani kinachofika 300 au zaidi. Bila hicho unakisia. Namba iliyo kwenye hitigani, ile 350 au 500, ni joto la hewa inapotoka mdomoni mwa mashine. Ukiisogeza sentimita tano nyuma, stika inapata joto jingine kabisa.

Na umeme. Nguvu ya hitigani inapungua kwa mraba wa volti: mashine ya volti 230 ukiipa 190, inabaki na kama asilimia 68 tu ya nguvu zake. Ndiyo maana jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha majiko na mafriji, utashangaa mashine ileile iliyochoma stika asubuhi sasa inapuliza uvuguvugu. Usiisogeze karibu kwa hasira. Pima stika, usipime mashine. Waya wa kuunganishia nao uwe mnene na mfupi. Ule mwembamba wa kuchajia simu utayeyuka kabla ya stika.

Hatua ya 1: chagua mahali na saa

Watengenezaji wengi wanataka bodi na stika viwe kwenye nyuzi 16 hadi 32 hivi wakati wa kubandika. Kwa Dar mwezi wa Januari hiyo ina maana ndani ya banda, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4. Gari lililotoka juani liache kivulini saa nzima au zaidi, kisha pima boneti. Bodi ikiwa na joto kali, gundi inashika ikigusa tu: huna nafasi ya kuinua, huna nafasi ya kusogeza, na ukilazimisha unaivuta bila kukusudia. Kivuli cha mwembe hakifai hata kama ni baridi safi, maana upepo unaleta vumbi na mwembe wenyewe unadondosha vitu.

Njombe au Nairobi asubuhi ya Julai shida ni kinyume chake. Stika inakakamaa, inapasuka pembeni, gundi haishiki. Hapo pitisha hitigani kwenye bodi yenyewe, taratibu, mpaka mkono uhisi uvuguvugu, ndipo ubandike.

Hatua ya 2: osha, kausha, kisha toa maji yaliyojificha

Osha kwa sabuni, suuza, futa kwa spiriti iliyochanganywa na maji. Nta na silikoni ya kung'arisha lazima zitoke zote. Kama gari limepigwa rangi upya, subiri walau wiki tatu. Rangi mbichi inaendelea kutoa hewa chini ya stika na utapata malengelenge ambayo hayana dawa. Penye puti mbovu au rangi inayobambuka usibandike kabisa, kwa sababu stika inashika rangi, na rangi haishiki bati.

Joto linaanza hapa, kabla karatasi ya nyuma haijabanduliwa. Maji yanajificha kwenye mipira ya madirisha, nyuma ya nembo, kwenye maungio ya taa na chini ya vitasa. Pitisha hitigani kwa joto la chini kwenye kila mwanya, utaona matone yakichungulia. Yafute. Usipoyatoa sasa, yatatoka utakapokuwa unaivisha, chini ya stika.

Hatua ya 3: paa, boneti, milango

Hapa joto karibu halihitajiki. Shika pembe mbili, mwenzako pembe mbili, vuteni kidogo tu stika ikae kama shuka juu ya kitanda, ishikizeni kwa sumaku, kisha sukuma kwa skwiji kutoka katikati kwenda nje, kila mpito ukilalia nusu ya ule uliopita. Anayeanza kupuliza joto kwenye paa bapa anajitafutia kazi.

Hatua ya 4: mkunjo ukitokea

Utatokea. Watu wanauvuta, usiuvute. Hii ndiyo kazi ya pili ya joto. Inua stika polepole mpaka upite sehemu yenye mkunjo, iache ining'inie bila kuishika kwa nguvu, kisha puliza kutoka mbali kidogo, sentimita 15 hadi 20, ukizungusha mkono. Tazama vizuri. Sekunde chache za kwanza hakuna kitu, halafu mkunjo unaanza kulegea kutoka pembeni kwenda katikati, na ghafla stika inanyooka yenyewe kama kanga iliyopitishiwa pasi. Hapohapo ondoa joto. Subiri ipoe, ndipo uirudishe chini. Ukiibandika ingali moto, gundi inauma palipotokea na mkunjo unarudi palepale.

Hatua ya 5: saidi mira, bampa na mabonde

Kabla hujagusa bampa, fanya zoezi hili kwa kipande cha kutupa. Chora mstari wa sentimita 10 nyuma yake kwa kalamu, kipashe mpaka nyuzi 50 hivi, kivute mpaka mstari uwe sentimita 12. Hiyo ni asilimia 20. Rudia mara nyingi mpaka mkono uijue bila rula, kwa sababu huo ndio mpaka wangu. Ukiuvuka, rangi inapauka, stika zenye chembe za kung'aa zinabadilika sura, na ulichonunua kama mikroni 80 kimeshakuwa nyembamba mahali ambapo mawe ya barabara yanapiga zaidi.

Kwa kuvuta, joto la stika liwe nyuzi 40 hadi 60. Bila kipimajoto, kwa nyuma ya kiganja: joto unaloweza kulivumilia sekunde mbili tatu kisha unataka kuondoa mkono. Pasha eneo pana, kubwa kuliko lile unalotaka livutike. Kosa langu kwenye ile IST lilianzia hapa: nilipasha doa dogo la pembe, nikavuta, mvuto wote ukaangukia kwenye doa lile. Ukipasha eneo la upana wa viganja viwili, mvuto unagawanyika na hakuna sehemu inayoteseka.

Vuta kwa mikono miwili, polepole, kuelekea nyuma ya mbinuko. Ukishafika usisukume na skwiji mara moja. Shikilia, hesabu mpaka kumi, stika ipoe ikiwa kwenye umbo jipya. Stika iliyopoa inakaa ulipoiweka. Ya moto inafuata skwiji kama ulimi.

Saidi mira ndiyo mwalimu mzuri wa hili. Funika kichwa chote, pasha, vuta chini mara moja mpaka ikae kama mpira wa puto uliofunika chungwa, shikilia. Mikunjo yote itakimbilia chini, karibu na mguu, ambako hakuna anayeangalia. Hapo chini ndipo unakata.

Mabonde ni habari nyingine, nami nayaogopa zaidi kuliko mbinuko. Stika ikipita juu ya bonde bila kugusa chini inatengeneza daraja. Mwanafunzi anaona daraja, anapuliza joto, anasukuma kwa kidole katikati mpaka inagusa. Inapendeza kwa picha. Ila sehemu iliyovutwa ni ile ya bondeni tu, na ndiyo itakayoinuka kwanza jua likiwaka. Fanya hivi: usibandike kingo mbili za bonde kwanza. Acha stika legelege, pasha kidogo, anza kwa kubandika kitako cha bonde kwa kidole chenye glavu, kisha panda kuta zake, halafu ndipo utoke nje kwenda bapa. Hivyo stika inaingia bondeni kwa kulegea. Bonde likiwa refu na jembamba kupita kiasi, kata kipande cha peke yake ukiweke humo, kisha funika juu yake kwa kupishana milimita chache. Kuna wanaoona hiyo ni aibu. Mimi naona aibu ni mteja kurudi.

Kuhusu praima ya gundi, ile dawa ya kuongeza mshiko ambayo wengine wanapaka kila bonde: itumie kidogo, kwenye ncha tu. Inashika vizuri mno, na siku ya kubandua inaweza kuondoka na rangi.

Hatua ya 6: kukata

Fupi: kata stika ikiwa baridi. Ikiwa moto, kisu kinaiburuta, na baada ya kukata inasinyaa na kuacha ukingo wa rangi ya zamani. Acha milimita 5 hadi 10 za kukunjia ndani ya mlango au nyuma ya bampa. Wembe uvunje mara kwa mara, usiusukume. Gari la mtu si ubao wa jikoni.

Hatua ya 7: kuivisha

Hapa ndipo ile IST iliponishinda. Kila sehemu uliyoivuta, kila bonde, kila ukingo uliokunjwa, lazima upashwe tena, safari hii mpaka stika yenyewe ifike kwenye joto ambalo mvuto uliobaki ndani yake unalegea. Watengenezaji wengi wa kasti wanataka kati ya nyuzi 90 na 110. Soma karatasi ya stika yako, ufuate hiyo. Bodi nyeusi iliyoegeshwa juani inaweza kufika nyuzi 60, hata 70. Kwa hiyo stika iliyoivishwa vizuri haipati jambo jipya barabarani.

Fanya kipande kwa kipande, urefu wa rula moja kila mara. Hitigani mkono wa kulia, kipimajoto mkono wa kushoto, kikielekezwa palepale hewa inapopita, kwa karibu ili kisisome na sehemu ya jirani. Sogeza mashine polepole, bila kusimama. Utaona namba ikipanda: 60, 75, 88, 95. Ikigusa joto unalolitaka, songa mbele. Huna haja ya kukaa hapo. Nyuma yake mwenzako apitishe kiganja chenye glavu, akikandamiza kidogo. Watu wengi wanapuliza mpaka stika "ionekane imeiva". Mimi pia nilifanya hivyo. Siku niliyonunua kipimajoto nikagundua kuiva kwangu kulikuwa nyuzi 65.

Uzuri mwingine wa kuivisha ni kwamba inakuambia ukweli ukiwa bado bandani. Pembe itakayoinuka baada ya wiki, mara nyingi itainuka sasa, mbele ya macho yako, ikifika 90. Ikiinuka, usiikandamize kwa nguvu ukidhani imekwisha. Ilivutwa mno. Ibandue, irudishe kwa joto, ibandike upya ikiwa imelegea zaidi, kisha ivishe tena. Gundi ikiwa imeshachafuka, weka kipande kipya.

Ukimaliza, gari lilale ndani usiku mmoja, na lisioshwe siku tatu nne, gundi ikamilishe kushika. Mwambie mwenye gari alirudishe baada ya wiki. Pitisha ukucha kwenye kingo zote za bampa. Panapokwama ukucha, ivisha tena.

Vinavyoungua

Stika ya kung'aa ikizidishiwa inafifia doa moja. Isiyong'aa inafanya kinyume, inapata doa la mng'ao, na hakuna njia ya kulirudisha. Bampa nayo ni plastiki, ukisimama sehemu moja inajipinda. Mipira ya madirisha, lenzi za taa na sensa za kuegeshea zifunike kwa tepu ya karatasi na usizielekezee mashine. Kioo cha mbele chenye ufa mdogo kitamaliza ufa wote ukikipiga hewa ya moto upande mmoja.

Moshi ukitoka, umeshaharibu. PVC inapoungua inatoa gesi ya asidi ya hidrokloriki, inayowasha koo na macho, kwa hiyo fungua mlango wa banda na toka nje kidogo. Wapo mafundi wanaotumia moto wa gesi wenye mdomo mpana badala ya hitigani, na walio wazoefu wanafanya haraka ajabu. Kwa anayejifunza, karibu na tangi la mafuta na chupa ya spiriti iliyofunguliwa, mimi sishauri.

Malengelenge madogo ya hewa yaliyobaki usiyachome kwa joto. Toboa kwa ncha ya sindano pembeni, sukuma hewa itoke, pasha uvuguvugu, bonyeza.

Na gari likitoka jeupe kuwa jeusi, kumbuka kadi ya gari imeandikwa rangi. Mwenye gari apeleke taarifa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, ibadilishwe kabla trafiki hajamuuliza.

Siku ya kubandua

Joto la kubandua ni la chini: nyuzi 50 hadi 60, gundi ilainike bila kuyeyuka. Anzia pembe, pasha mbele ya mkono wako, vuta polepole ukiilaza stika nyuma juu ya bodi badala ya kuinyanyua wima. Ukisikia inatoa sauti ya kupasuka, umekwenda haraka au imepoa. Simama, pasha, endelea. Ikibaki gundi, ilowanishe kwa dawa ya kuondoa gundi dakika kadhaa, kisha iondoe kwa skwiji ya plastiki. Ile IST niliibandua bampa yote siku hiyohiyo, nikaibandika upya kwa gharama yangu nilipopata kipimajoto, na mwenyewe akakaa kwenye ndoo pembeni akihesabu kila nilipopima: "Themanini na tano, fundi. Bado."